Gini Mbili Mkononi: Alexander Pope na daftari la majina 575

Mwaka 1712 Alexander Pope alimuuzia Bernard Lintot, muuza vitabu wa London, shairi ambalo leo ni miongoni mwa mashairi yanayojulikana sana katika Kiingereza. Lintot akampa pauni 7. Miaka miwili baadaye Pope alilifumua, akalirefusha kutoka sehemu mbili hadi tano, akaongezewa pauni 15. Katikati hapo, mwaka 1713, aliuza shairi jingine refu kwa pauni 32 na shilingi 5, na kwa soko la ushairi la wakati ule hiyo ilikuwa neema. Piga hesabu ya yote: pauni 54 na shilingi 5.

Kisha ikaja kazi moja, tafsiri ya Iliadi, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, iliyotoka kwa mafungu kati ya 1715 na 1720. Hiyo ilimwingizia pauni 5,320 na shilingi 4. Mwandishi ni yuleyule, na muuza vitabu ni Lintot yuleyule.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha kipaji. Mimi nakisoma kama kisa cha mkataba, na nimekaa nacho kwa sababu za tumbo langu mwenyewe. Ni mmoja wa wale wanaouza hadithi kwa simu: sehemu tano za mwanzo bure, ya sita tuma hela kwanza ndipo nikuunge kwenye grupu. Watu huona huu ni ujanja wa juzi, ulioletwa na WhatsApp na M-Pesa. Pope aliufanya miaka mia tatu iliyopita kwa kalamu ya unyoya, tena kwa masharti bora kuliko yangu.

Kwanza mtu mwenyewe. Jina lake maana yake Papa, na kwa kichekesho cha historia mwenye jina hilo alikuwa Mkatoliki katika Uingereza iliyomwogopa Papa kama pepo. Alizaliwa London mwaka 1688, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa vya kitani. Sheria za wakati ule zilimfungia Mkatoliki vyuo vikuu na vyeo vya serikali, zikamzuia kununua ardhi, na aliyekuwa nayo tayari alitozwa kodi maradufu. Juu ya hayo, kifua kikuu cha uti wa mgongo kilimpata angali mdogo, kikampinda mgongo na kumwacha na kimo cha futi 4 na inchi 6 hivi. Kazi za nguvu hakuziweza, na za mezani alinyimwa.

Hilo si pambo la hadithi. Waandishi wengi wa London waliokula na kushiba wakati ule walikuwa na cheo mahali fulani. Joseph Addison alipanda ngazi za serikali hadi akawa waziri. Matthew Prior alikuwa mwanadiplomasia. Asiye na cheo alitafuta mfadhili: unamtabarukia mheshimiwa kitabu, unammwagia sifa ukurasa mzima, unangoja mfuko ufunguke. Asiye na cheo wala mfadhili alifanya kibarua kwa wauza vitabu, analipwa kwa wingi wa karatasi alizojaza. Njia ya kwanza dini ilimfungia Pope. Ya tatu ingemuua. Ya pili alipewa mara kadhaa akaikataa, nami nitairudia.

Oktoba 1713 alitoa tangazo: anakusudia kuitafsiri Iliadi yote kwa mashairi ya Kiingereza, juzuu sita, kila juzuu gini moja. Gini ni shilingi 21, pauni moja na shilingi moja juu yake. Anayetaka aandikishe jina na alipe gini mbili pale pale. Gini ya tatu atalipa akipokea juzuu ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya tano. Juzuu ya sita hatadaiwa kitu, maana ameshailipia tangu mwanzo.

Angalia jinsi kianzio kilivyopangwa. Ile gini ya ziada, tangazo lilieleza, ni kwa ajili ya gharama za kukusanya matoleo na wafafanuzi wa Homer. Yaani msomaji alimlipia mwandishi vitabu vya kufanyia kazi kabla hajaona hata ubeti. Tena kwa kuwa malipo ya mwisho yalikuwa yameshatangulia, msomaji alikuwa na sababu ya kutokimbia njiani: ukiacha kwenye juzuu ya nne, umeipoteza gini ya sita. Sisi wa hadithi za simu tunajua wateja wanavyopukutika kuanzia sehemu ya ishirini. Pope alilijua hilo kabla hajaanza.

Majina yalikusanywaje? Hapa ipo picha moja niipendayo, iliyoachwa na White Kennett, kasisi aliyekuja kuwa askofu, katika shajara yake ya Novemba 1713. Alikuwa ukumbini kwa Malkia Anne akimtazama Jonathan Swift, rafiki wa Pope, akizunguka kama mwenye nyumba: huyu anamwahidi kumwombea kazi, yule anamnong'oneza, mwingine anamtolea saa mfukoni kumwonyesha muda umekwenda. Halafu anamgeukia kijana mmoja wa ukoo bora na kumwambia kuwa mshairi bora kabisa Uingereza ni Bwana Pope, Mkatoliki, ameanza kumtafsiri Homer, na ni lazima wote waandikishe, kwa sababu mwandishi huyo hataanza kuchapa mpaka yeye Swift awe amemkusanyia gini elfu moja. Kennett hakumpenda Swift, na aliyaandika haya kwa kumsuta. Kwangu ni maelezo bora ya kazi ya dalali wa vitabu kuliko yote niliyowahi kusoma: hakusema neno juu ya uzuri wa Homer, alisisitiza tu kwamba wote lazima wawemo.

Machi 1714 ndipo Lintot alipotia saini, na hapa ndipo penye kisa.

Samuel Johnson, aliyeandika maisha ya Pope na kuzichungulia hesabu zake, anaeleza makubaliano hivi. Lintot atamlipa Pope pauni 200 kwa kila juzuu. Zaidi ya hapo, Lintot atachapa kwa gharama zake nakala zote za walioandikishwa na kumkabidhi Pope bure. Pesa za waandikishwa wote ni za Pope. Walioandikishwa walikuwa 575, na kwa kuwa baadhi walitaka zaidi ya nakala moja, nakala zao zilifika 654. Zilizochapwa ni 660 tu.

Kokotoa. Nakala 654 kwa gini 6 ni gini 3,924, ambazo ni pauni 4,120 na shilingi 4. Ongeza pauni 200 mara sita, yaani 1,200. Unapata 5,320 na shilingi 4, na kwenye karatasi, wino, michoro na mishahara ya wapanga herufi Pope hakutoa senti.

Kwa nini Lintot alikubali? Hakuwa mjinga, na hakuwa mfadhili. Alichopata ni hakimiliki. Mwandishi alimwachia haki ya kuichapa na kuiuza tafsiri hiyo kwa umma wote waliobaki, nje ya wale 575. Na sheria ya hakimiliki ilikuwa mpya, imeanza kazi mwaka 1710: miaka 14, na mingine 14 kama mwandishi bado yu hai. Kwa muuza vitabu hiyo ilikuwa shamba.

Mashauri tunayopewa waandishi siku hizi huanza na sentensi moja: usiuze hakimiliki. Nimeirudia mwenyewe kwa wadogo zangu kwenye kazi hii. Pope aliiuza. Alichokishika kwa mikono miwili ni orodha. Alijua ni nani wanamlipa na wanakaa wapi, nani amelipa kianzio na nani amechelewa, nani ataleta ndugu yake. Siwezi kusema kila mwandishi afanye hivyo. Ila nimewahi kuwa na kitabu ambacho hakimiliki ni yangu moja kwa moja, karatasi ninazo kabatini, na nikiulizwa nani alinunua zile nakala sitaji hata mtu mmoja. Mchapishaji anajua, au alijua. Mimi nilibaki na haki, na haki haitumiwi ujumbe kwamba kitabu cha pili kimetoka.

Walichopewa waandikishwa nacho kilifikiriwa. Karatasi kubwa ya kiwandani ukiikunja mara moja unapata kitabu kirefu kipana. Ukiikunja mara mbili unapata umbo la robo, pana lakini linalokaa vizuri mkononi. Mkataba ulisema umbo la robo ni la waandikishwa peke yao, lenye michoro iliyochongwa kwenye shaba, na Lintot asiliuze hilo dukani, ili thamani ya uandikishwaji isishuke. Yeye alizichukua herufi zilezile zilizokwisha kupangwa, akachapa kwenye karatasi ndefu ya kunjo moja, nyembamba kidogo, akauza kwa nusu gini. Maneno yaleyale, kurasa zilezile, nusu ya bei.

Kwa hiyo yule bwana aliyetoa gini nzima alilipia nini? Alilipia umbo, picha, na jina lake kwenye orodha iliyochapwa mwanzoni mwa juzuu ya kwanza, katikati ya malodi na maaskofu. Wajanja wa soko waliielewa thamani hiyo haraka. Johnson anasimulia kwamba nakala za Lintot zilikatwa juu na chini zifupike, kisha zikauzwa kana kwamba ni zile za waandikishwa. Mtu akikughushia bidhaa ujue umeipatia.

Basi pesa ikaanza kuingia na kazi haijafanyika. Hili ndilo eneo ambalo wanaosifia mauzo ya kabla hulipita mbiombio. Kigiriki cha Pope kilikuwa cha kujifundisha, na hakikuwa imara. Aliegemea tafsiri za Kiingereza na Kifaransa zilizomtangulia, akasaidiwa maelezo ya pembeni na marafiki: Thomas Parnell aliandika makala ya utangulizi juu ya Homer, William Broome akachambua wafafanuzi wa kale. Hata hivyo mashairi yote, juzuu sita zenye vitabu 24, aliyaandika mwenyewe. Baadaye alimwambia rafiki yake Joseph Spence kuwa siku za mwanzo alitamani mara mia mtu amnyonge. Usiku aliota yuko katika safari ndefu, hajui njia ipi ashike, na hofu kwamba hatafika. Ndoto hiyo ilimrudia hata miaka mingi baadaye, Iliadi imekwisha kitambo.

Kilichomwokoa ni mazoea. Alijizoeza kutafsiri mistari thelathini au arobaini kila asubuhi kabla hajatoka kitandani, na tangu hapo, alisema, kazi ikaenda. Mistari arobaini si mingi. Nimepima kwa hadithi zangu: ni kama nusu ya sehemu moja. Lakini mtu aliyekwisha kula kianzio cha watu mia kadhaa hana anasa ya kusubiri moyo umtume.

Juzuu ya kwanza ilitoka Juni 1715. Wiki hiyohiyo akatoka mshindani. Thomas Tickell, akiwa na Addison nyuma yake, alichapisha kitabu cha kwanza cha Iliadi hiyohiyo, na mikahawa ya London ikagawanyika nani bora. Wengine walisema ya Tickell inamfuata Homer kwa karibu zaidi. Huenda. Lakini Tickell aliishia kitabu kile kimoja, na hilo sidhani lilitokana na ubora: upande mmoja walikuwepo watu 575 waliokwisha kutoa pesa, upande wa pili palikuwa na maoni ya mkahawani.

Mwaka huohuo ulileta jambo zito kuliko Tickell. Malkia Anne alikuwa amefariki Agosti 1714, na chama kilichokuwa na marafiki wakubwa wa Pope kilianguka. Bolingbroke alikimbilia Ufaransa Machi 1715. Robert Harley, aliyekuwa waziri mkuu, alifungwa Mnara wa London mwezi Julai, wiki chache tu baada ya juzuu ya kwanza kutoka. Swift alikuwa amekwisha kurudi Dublin. Mwandishi aliyekuwa anakula kwa mkono wa mmoja wao angekufa njaa mwaka ule. Orodha ya Pope ilikuwa na watu wa vyama vyote viwili, kwa makusudi. Mabwana waliobadilishana viti vya serikali walikutana kwenye ukurasa mmoja, na kila mmoja alikuwa bado anadaiwa gini ya juzuu ijayo.

Ndiyo maana aliweza kukataa posho. James Craggs, alipokuwa waziri, alimwahidi pauni 300 kila mwaka kutoka kwenye fungu la siri ambalo halingeonekana katika hesabu yoyote. Pope alikataa, akasema akibanwa siku moja atamwomba Craggs pauni mia kama rafiki. Hakumwomba. Wapo wanaoona hapo ushujaa wa roho. Mimi naona pia mtu anayejua hesabu: zile pauni 5,320 ni posho ya Craggs ya miaka kumi na saba na zaidi, na haziji na mtu wa kumsifia. Iliadi ilipokamilika mwaka 1720, ukurasa wa tabaruku, ule ambao kwa desturi ungenunuliwa na lodi, aliutoa kwa William Congreve, mwandishi mwenzake.

Mapato ya mwanzo yalimpeleka Twickenham, kando ya mto Thames, mwaka 1719. Nyumba aliikodi, kwa sababu Mkatoliki hakuruhusiwa kununua, akalima bustani ambayo watu walikuja kuitazama.

Upande wa Lintot mambo hayakuwa laini. Alichapa nakala 1,750 za umbo refu kwa juzuu ya kwanza, zilizofuata akashuka hadi 1,000. Uholanzi walikuwa wamechapa toleo dogo la mfukoni, la bei chee, wakaliingiza Uingereza kwa magendo. Akalazimika kuliacha lile umbo refu na kujibu kwa toleo dogo lake mwenyewe, nakala 2,500 kwanza, kisha 5,000 wiki chache baadaye. Mtu yeyote ambaye hadithi yake ya saa mbili usiku imerudi kwake kama PDF asubuhi, imetumwa na shemeji yake kwa nia njema, atamwonea Lintot huruma. Pope hakuumia. Wateja wake walikwisha kulipa, na hakuna Mholanzi anayeweza kuiba jina lako kwenye orodha. Mzigo wa uharamia ulimwangukia mwenye hakimiliki.

Simchori Lintot kama mnyonge, lakini. Ipo barua ya Pope kwa lodi Burlington inayosimulia safari yao wawili kwa farasi kwenda Oxford. Pope ni mtu wa kutia chumvi, kwa hiyo ipokee kwa kiasi. Wamepumzika chini ya mti, mshairi anatazama mawingu, na Lintot anatoa kijitabu cha mashairi ya Horace mfukoni: vipi ukijiburudisha kwa kutafsiri utenzi mmoja mpaka tupande tena farasi? Jamani, vipindi hivi vya mapumziko vingetosha kitabu kizuri kabisa! Ombi la kazi ya bure lina sauti ileile kila karne.

Sasa kuna kipimo ambacho historia imetutengenezea, nacho ni adimu. Mwaka 1725 Pope alitoa kazi nyingine kubwa, toleo la tamthilia za Shakespeare, kwa Jacob Tonson. Ukubwa wa robo tena, juzuu sita, gini sita, kwa uandikishwaji. Ila safari hii mwenye kuandikisha alikuwa Tonson. Orodha ilikuwa ya Tonson, pesa za Tonson. Pope alilipwa pauni 217 na shilingi 12, basi. Kazi yenyewe ilimchosha na ikamletea aibu, maana mwaka uliofuata Lewis Theobald alitoa kitabu kizima cha makosa yake. Hata mauzo yalidorora: Johnson anasema kati ya nakala 750, zile 140 za mwisho ziliuzwa kwa shilingi 16 tu kila seti. Jina la Pope mwaka 1725 lilikuwa kubwa kuliko la 1714, na jina la Shakespeare si dogo. Tofauti ya pauni 5,320 na pauni 217 haiwezi kutokana na majina.

Kipimo cha pili kinachafua picha, nami siwezi kukificha. Mwaka huohuo alirudi kwa Lintot na Odisea, utenzi mwingine wa Homer. Juzuu tano, gini tano, waandikishwa 574 walioagiza nakala 819, na Lintot akatoa pauni 100 kwa juzuu badala ya 200. Utaratibu ulikuwa wake na ukafanya kazi. Aliyechoka ni mwandishi. Hakutaka tena ile ndoto ya safari. Akawapa wenzake wawili wamsaidie kimyakimya: Broome alitafsiri vitabu 8 na kuandika maelezo yote, Elijah Fenton 4, yeye 12. Yaani nusu. Akawalipa pauni mia chache kila mmoja, na zilizobaki, ambazo ni maelfu, zikawa zake.

Siri ilivuja. Lintot akaanza kunung'unika kuwa amedanganywa, akatishia mahakama. Pope akamshawishi Broome aandike mwishoni mwa kazi, kwa jina lake mwenyewe, kwamba yeye alifanya vitabu 3 tu na Fenton 2. Broome alikubali, na uchungu ukambaki. Naweza kumtetea Pope kwa mengi, hili hapana. Si kwamba alisaidiwa. Karakana za kazi zipo tangu zamani, na mafundi wana wanafunzi. Lakini wale 574 walilipia mkono wake. Orodha ileile iliyomtoa kwa waheshimiwa ilikuwa sasa inamtaka atoe kitu kikubwa kila baada ya miaka michache, kwa jina lake, na mgongo wake ulikuwa hauwezi. Johnson anataja pesa na uchovu. Ningeongeza kwamba mtu aliyewahi kupata elfu tano hupata shida kurudi kwenye pauni 32.

Baada ya Odisea hakuandikisha tena kazi kubwa ya namna ile. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1720 alifanya biashara kwa njia nyingine: alimtafuta mpiga chapa wake, John Wright, na muuza vitabu kijana, Lawton Gilliver, akawatuma kama watu wake, na hakimiliki akaanza kuishikilia kwa wivu. Mtu aliyeiuza haki ya Iliadi bila kusita alimalizia maisha akiwa mmoja wa waandishi wagomvi zaidi wa haki hizo London. Naelewa mabadiliko hayo. Mashairi mafupi makali aliyoandika wakati huo yaliuzwa kwa watu wasiojulikana, kwa bei ndogo, wengi. Hapo orodha ya mabwana haisaidii, haki ndiyo inayohesabika.

Mwaka 1741 alimpeleka mahakamani Edmund Curll, mchapishaji aliyezoea kuchapa barua za watu bila ruhusa. Curll alijitetea kwamba barua ikishatumwa ni zawadi, ni mali ya aliyeipokea. Jaji, Lodi Hardwicke, aliamua kwa namna ambayo wanasheria wa nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza bado wanaitaja: karatasi ni ya aliyepokea, maneno yanabaki ya aliyeandika.

Pope alikuwa bahili wa karatasi. Swift alimtania kwa hilo. Rasimu za Iliadi, ambazo sasa zimehifadhiwa Maktaba ya Uingereza, ziko kwa sehemu kubwa nyuma ya barua alizopelekewa: mbele mwandiko wa mtu mwingine, nyuma Homer, mistari imekatwakatwa na kuandikwa upya mpaka ukingoni. Kwa hukumu ile ya 1741, kila karatasi ina wenyewe watatu. Karatasi ni ya Pope. Maneno ya mbele ni ya rafiki aliyeyatuma. Na ya nyuma, aliyoyatoa jasho asubuhi kitandani, ni ya Lintot.